Chui Aliyehama na Mwanawe

Mjukuu wangu Kokushubira,

Marahaba. Huku Rugu sote tu wazima. Babu yako ameanza kuchuma kahawa, na mdogo wako amepata Kipaimara.

Umeniuliza kama ni kweli niliwahi kumwona chui. Ni kweli, nilipokuwa msichana wa rika lako. Chui alikuwa amemkamata mbuzi wetu na kumpandisha juu ya mti, mzigo ambao mwanamume mzima asingeuweza. Kulipokucha baba akachukua mkuki, tukafuata nyayo hadi kwenye miamba iliyo juu ya shamba.

Tukamwona akitoka pangoni, jua likimulika madoa yake meusi. Alikuwa amembeba mtoto mdomoni, amemshika shingo kwa upole, kwa meno yaleyale yaliyoua mbuzi. Alitutazama, akapita bila hata jani kavu kulia, akapotelea msituni.

Baba alikuwa bado ameinua mkuki.

"Mbona hukurusha?" nikamuuliza.

"Ana mtoto mdomoni," akasema. "Yeye anahama. Sisi twende tukajenge banda."

Tukajenga banda la miti minene, tukaliezeka vizuri, maana chui ni mpandaji. Hatukupoteza mbuzi mwingine.

Hata sasa, jioni moja moja, chui husikika upande wa msitu akikoroma kama msumeno unaopasua mbao, nami huacha kumenya ndizi nimsikilize. Najua si yule. Labda ni mjukuu wake.

Mungu akutunze huko Dodoma.

Bibi yako,
Adelina