Tone Kwenye Pembe ya Barua

3 Februari

Baba, shikamoo.

U mzima? Kifua hakijakusumbua na vumbi hili? Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma kwa kupiga pasi mashuka ya watu kutwa, na roho haitulii.

Nimepata likizo ya siku kumi mwezi wa nne. Nakuja, na nakuja na lile gari ulilonipa. Miezi kumi na minne sijakuona, na kila nikitaja safari unanitafutia sababu, mara mvua, mara barabara mbovu. Simu hupokei. Sasa nimeamua. Kabla ya kuondoka nitalipeleka gereji likabadilishwe oili, maana injini imeanza kukoroma kama wewe baada ya chakula cha mchana.

Usiniambie nisije.

Binti yako

11 Februari

Mwanangu, marahaba.

Mimi sijambo. Usishangae mwandiko. Mkono umechoka, nimemwomba jirani yangu, mama fundi cherehani, aniandikie. Mimi nasema, yeye anaandika, na anacheka pasipochekesha.

Gereji hapana. Nati ya chini ya injini hiyo haijafunguliwa na mtu mwingine tangu ninunue gari, na siku nilipofunga karakana nilikupa wewe. Utabadilisha mwenyewe, hapo hapo uani. Najua una papara, kwa hiyo sikiliza. Washa injini dakika tano ipate joto kidogo, kisha uizime. Egesha pasipo na mteremko, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, weka na stendi za chuma. Beseni chini ya nati, fungua polepole, wahi kuondoa mkono. Kisha filta. Ile mpya paka oili kwenye mpira wake, kaza kwa mkono tu. Nguvu za pasi zibaki kazini.

Kabla ya yote, chomoa kijiti cha kupimia oili, dondosha tone moja kwenye pembe ya barua, likauke, unitumie. Ukimaliza, nitumie na la oili mpya. Simu haipitishi tone. Nikiliona linavyotandaa nitajua hali ya injini. Mpaka niseme, usisafiri.

Baba yako

27 Februari

Baba, shikamoo.

Mkono umepata nafuu? Mwambie mama fundi mwandiko wake mzuri, wako nilikuwa nausoma kwa kubahatisha.

Tone lako hilo hapo pembeni. Jana nilibadilisha oili. Nati ilikataa, nikaikanyagia spana, ikaachia ghafla na oili chafu ikanimwagikia hadi kiwikoni. Filta nikakaza kwa mkono kama ulivyosema. Nikajaza oili mpya, nikawasha. Baba! Ikabubujika pale kwenye filta kama bomba limepasuka. Ua mzima ukawa utelezi. Nilizima, nikakaa chini, nikalia kwa hasira. Leo kazini wameona alama ya kidole changu kwenye shuka jeupe, nimeondolewa kwenye pasi kwa wiki nzima.

Nifanye nini? Siku zinakwenda. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nimesimama kwa nini. Nadhani unaumwa na hutaki kuniambia.

Binti yako

6 Machi

Mwanangu, marahaba.

Pole kwa shuka. Nimecheka mpaka mama fundi akasimamisha cherehani.

Filta ya zamani ilipotoka, mpira wake uliganda kwenye injini. Wewe ukafunga mpya juu yake, ikawa mipira miwili. Fungua, pitisha kidole, utaukuta. Ung'oe, futa, funga upya, jaza. Nami nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza kazini, na fundi mkuu alinifukuza karakanani hadi kesho yake.

Tone nimelipeleka dirishani. Ni jeusi katikati, kama nilivyodhani. Likija la oili mpya nitaamua. Na siumwi. Usinitafutie ugonjwa.

Baba yako

17 Machi

Baba, shikamoo. Habari za huko?

Naandika haraka, nimejificha nyuma ya rundo la mashuka na msimamizi anazunguka. Mpira ulikuwepo! Nimeung'oa, nimefunga upya, nimezunguka mtaa mara tatu, na chini ya gari ni pakavu kabisa. Injini imetulia. Mimi ndiye sijatulia. Likizo inaanza tarehe kumi na mbili. Sema ndiyo, baba.

Binti yako

26 Machi

Mwanangu, marahaba.

Hongera, umekuwa fundi. Lakini tone lako nimelitazama dirishani asubuhi, nikalitazama tena mchana. Bado jeusi, na pembeni lina duara la maji. Maji yakiingia kwenye oili injini inakufa njiani. Usisafiri. Liendeshe hapo hapo mjini miezi miwili, ubadilishe tena, tuone. Mimi niko, sipotei.

Baba yako

31 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa.

Barua yangu ya mwisho haikuwa na tone. Niliiandikia kazini, gari lilikuwa nyumbani, nikasahau kabisa. Karatasi ilikuwa nyeupe, baba, pembe zote nne. Mama fundi alikusomea maneno akarudi kwenye cherehani yake, nawe ukaenda nayo dirishani.

Tangu lini huoni?

Sijakasirika. Hapana, nimekasirika, kwa nini nidanganye na mimi. Umekaa huko peke yako unapapasa kuta, ukidhani nikikuona nitakubeba kwa nguvu nikutoe nyumbani kwako. Sikutoi. Nimekukumbuka tu. Tarehe kumi na nne nakuja, ukisema ndiyo au ukisema hapana. Ila ningependa useme ndiyo.

Mama fundi, shikamoo. Msomee mpaka mwisho hata akikuambia unyamaze.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Hii naandika mwenyewe, nimeweka rula mistari isipandane. Mama fundi nimemtoa chumbani, lakini namsikia nyuma ya mlango anavuta kamasi.

La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata mwaka jana mvua zilipokwisha. Niliona aibu unikute natafuta kikombe kilicho mbele yangu. Hata tone la kwanza sikuliona. Nililinusa, nikalisugua kwa kidole, nikajua. La pili nilipapasa pembe zote nisiguse kitu, wala nisisikie harufu. Nikaogopa kwamba vidole navyo vimekufa. Nikatunga. Uliponiambia hapakuwa na tone, nilishukuru hadi nikalia.

Nisamehe. Njoo. Kwenye mteremko shuka kwa gia, usiegemee breki. Ukifika usizime injini. Iache ingurume hapo nje, nami nitaufuata mlio mpaka nikushike mkono.

Baba yako