Dawa ya Baba, Jicho la Mtasema

Mfaranyaki,
Songea.
6 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Anselmo,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshaitikia hapo ulipo, hata kama mdomo umejaa chakula. Hujambo lakini? Wifi yangu Oliva hajambo? Kile kifua chake kimeachia, au bado anakataa kwenda hospitali kwa kuogopa sindano? Watoto nao wanaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya Songea imeanza, na Baba ameshalitoa lile koti la kijivu ulilomkataza kuvaa kwenye harusi yako. Analivaa mpaka kitandani.

Usishtuke kupata barua ya karatasi zama hizi. Kwenye simu siwezi kusema, maana tangu Baba afanyiwe upasuaji wa jicho anataka kila simu iwekwe spika, na kila jina linalotajwa aulizie habari zake. Nimeona bora niandike. Barua hii anakuletea Skolastika wa shangazi, anayekuja huko Kigoma kwa mafunzo ya kazi. Nimemwapisha asiifungue, ingawa namjua.

Mahindi tumevuna, si haba. Cherehani yangu ile ya zamani bado inadai mafuta kila wiki, na sare za shule zimenijaa mezani. Hayo ni ya kawaida. Sasa nakuja kwenye lililonikalisha chini.

Anselmo, nilikudanganya. Ulipouliza mbwa wako kapatwa na nini nikasema swila amemtemea sumu, jicho moja limeondolewa, basi. Ukaanza kunitumia ujumbe wa jinsi ya kuwinda nyoka, na mimi nikaacha uendelee. Ulichoambiwa ni nusu tu ya kilichotokea, na nusu nyingine imenikaa rohoni mwezi mzima.

Unakumbuka ulivyomleta yule mbwa ndani ya kikapu, mwaka ule Mama alipotutoka. Majirani walikuwa wanahesabu miezi Baba aoe tena, nawe ukampa mbwa jina la kuwajibu: Mtasema. Wakasikia kila jioni akiitwa kwenye chakula, na wakanyamaza. Baadaye mtoto wa jicho alipomfunika Baba macho yote mawili, ni Mtasema aliyemfikisha kwenye misa ya asubuhi. Alitembea kushoto kwake, ubavu kwa goti, akisimama kila penye mtaro. Mimi nilikuwa na cherehani yangu, wewe ulikuwa Kigoma. Mbwa ndiye aliyekuwepo.

Mwishoni mwa Machi Baba akapasuliwa jicho la kulia. Walipomfungua bandeji alinitazama kwa muda, halafu akasema, "Devota, mbona umezeeka?" Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Akapewa chupa ya dawa ya matone, atie mara nne kwa siku, wiki kadhaa.

Jumatatu baada ya Dominika ya Matawi, Mtasema akamkuta swila kwenye matofali nyuma ya jiko. Alitemewa macho yote mawili. Alilia vibaya, anajisugua usoni kwa miguu ya mbele, anagonga ukuta. Suzana wa jirani alitusaidia kumshika, tukamwosha kwa maji ndoo nzima. Isidori, bwana mifugo wetu, alikuja kesho yake akatuachia mafuta ya kumpaka machoni, akasema tumepona kwa kuwahi kumwosha. Na kweli, siku tatu za mwanzo alianza kufungua macho.

Halafu mambo yakageuka. Jicho la kushoto likawa na ukungu mweupe, katikati pakachimbika, na la kulia likaanza kulifuata. Isidori alikuja tena, akachuchumaa mbele ya mbwa, akavua kofia. Aliniambia waziwazi kuwa ng'ombe na nguruwe anawaweza, ila jicho la namna hii limempita. Akapiga picha akaituma mahali. Hapo ndipo nilipojua kuwa wanyama wana bingwa wao wa macho, na kwamba mmoja wao, Daktari Violeth, alikuwa Songea mwezi ule akiwafundisha mabwana mifugo.

Mtaa mzima ulitucheka. Wakasema mbwa wa Mzee Otto anapelekwa kwa bingwa wakati wazee wenyewe wanasoma Biblia kwa kubahatisha. Nikawajibu kwa jina la mbwa. Tukambeba kwa bajaji hadi duka la dawa za mifugo la Isidori, Bombambili, tumemfunga blanketi la Baba, naye Baba kamshika kichwa.

Daktari ni binti mdogo tu, Anselmo, ungemdhania mwanafunzi. Alimpigia Baba shikamoo, halafu akamsalimia na mbwa, akampa mkono wake anuse. Akamtia tone la ganzi, kisha akamgusisha kikaratasi chenye rangi na kummulika kwa taa ya bluu. Pale penye kidonda pakawaka kijani kibichi. La kushoto lilikuwa kijani karibu lote. Akauliza tumemtia dawa gani. Nikasema maji, na mafuta ya Isidori, hakuna kingine.

Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa chupa yake. "Na hii," akasema. "Nilikuwa namgawia. Mimi asubuhi na jioni, yeye mchana na alasiri. Sote tunaumwa macho."

Alisema kwa fahari, Anselmo. Alijinyima nusu ya dawa yake kwa ajili ya yule mbwa. Na mimi nisingemlaumu, kwani ni nani kwetu hajawahi kumeza vidonge vilivyobaki vya mwenzake? Mama alitunywesha wote dawa ya kikohozi ya mmoja. Nyumbani kwetu dawa ni kama ugali, wa sahani moja.

Daktari aliisoma ile chupa, akairudisha mkononi mwa Baba taratibu. Alinivuta nje. Alinieleza kuwa dawa ile ni nzuri kwa jicho lililopasuliwa, inatuliza uvimbe. Ila kwenye jicho lenye kidonda cha wazi inazuia kidonda kufunga na inawapa vijidudu nafasi ya kula. Kwa sumu ya swila peke yake, tulivyomwosha, pengine macho yangepona. Jicho la kushoto limekwisha, alisema, inabidi liondolewe. La kulia tunaweza kulipigania.

Nilimwomba asimwambie Baba. Alinitazama akasema, "Dada, cha muhimu mzee aache kumtia. Sababu utaitafuta wewe." Nikamwambia Baba kuwa daktari ameleta dawa mpya yenye nguvu zaidi, hivyo ile abaki nayo mwenyewe. Akaridhika. Nikaona nimeyamaliza.

Jicho likaondolewa siku ileile, akashonwa vizuri kuliko ninavyoshona mimi. Kwa lile la pili, utastaajabu. Daktari alimtoa Mtasema damu mguuni, ikapelekwa maabara ikazungushwa kwenye mashine, yakabaki maji ya njano juu. Hayo maji ndiyo dawa. Tone moja kila baada ya saa mbili, pamoja na dawa nyingine ya kuua vijidudu, na vyote vikae kwenye friji. Friji sina, ikabidi tumwombe Suzana, naye akatupa rafu nzima katikati ya juisi zake za kuuza. Nikakata ndoo kuukuu, nikamvisha Mtasema shingoni asijikune.

Kazi ilikuwa kumtia. Aliningurumia mimi, dada yako niliyempikia miaka yote. Nusu ya matone iliishia kwenye ndoo.

Siku ya nne akaja Suzana uani, anacheka, amebeba mtungi wa juisi. Amekuja kumshukuru Baba. Paka wake alikuwa anatokwa machozi, na Baba, kwa kumlipa fadhila ya friji, amemwazima ile chupa. Ameshamtia mara moja, na anamsifia Baba kwa mtaa mzima kwamba ana dawa ya macho ya kila kiumbe.

 Nilimnyang'anya Suzana ile chupa bila hata kumkaribisha, nikawapeleka yeye na paka kwa Isidori kwa bodaboda. Ashukuriwe Mungu, paka hakuwa na kidonda, alikuwa na mafua tu. Lakini njiani nikirudi nilijua nimefanya nini. Nilimficha Baba ili asiumie, na kimya changu kikatoka kwenda kutafuta jicho jingine.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua hindi, nikamwambia yote, pamoja na kwamba nilijua tangu Bombambili. Aliendelea kupukuchua mpaka hindi lake likaisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo swila alianza, mimi nikamalizia."

 Ningekupigia wewe, lakini ningekuambia nini?

Siku mbili hakwenda misa. Mtasema alimfuata na ile ndoo yake shingoni, inagonga milango, na Baba akawa anahama kiti. Kibaya zaidi aliacha kutia dawa jicho lake mwenyewe. Alisema kilichochoma jicho la mbwa hakitaki karibu na lake. Siku ya pili likawa jekundu, linamtoka machozi. Niliona macho yote ya nyumba hii yanapotea kwa ajili ya chupa moja ndogo, na mimi nimesimama katikati na tepu ya kupimia shingoni. Niliogopa, Anselmo, kuliko nilivyoogopa siku ya upasuaji.

Nikampigia Daktari Violeth. Alikuja hapa nyumbani mwenyewe jioni ile baada ya kazi, akakaa kwenye kigoda. Hakumwambia Baba kwamba hana kosa. Nadhani angefanya hivyo Baba angemfukuza kwa heshima.

"Mzee," akasema, "dawa ni ileile, ila macho si sawa. Lako halina kidonda, linaihitaji, na ulilipunja. La kwake lilikuwa na kidonda. Hukujua, na hakuna aliyekuambia. Sasa nina mgonjwa mwenye jicho moja anayemng'ata kila mtu anayemtia matone. Anamkubali nani?"

 Baba alimwita mbwa. Mtasema akaja na ndoo yake, akaiegemeza kwenye magoti ya Baba, akainua uso.

Tangu hapo kazi akaichukua yeye. Niliifunga chupa yake uzi mwekundu wa cherehani, za mbwa nikazifunga bluu, zisije zikaonana tena. Anajitia yeye kwanza, ananawa mikono, anavuka kwa Suzana kuchukua za bluu, anarudi. Amejua kusoma saa ya ukutani upya. Mtasema alikuwa anasikia mlango wa friji ya jirani na kwenda kukaa mahali pake mwenyewe. Baada ya wiki tatu daktari alimulika tena ile taa ya bluu na hatukuona kijani popote. Limebaki kovu dogo pembeni, mfano wa punje ya mchele, lakini anaona. Kuku wa Suzana wanaweza kushuhudia.

Jumapili iliyofuata Baba alirudi misani na mbwa wake. Nilitembea nyuma yao nisimshughulishe. Mtasema, kwa mazoea, akaenda kushoto kwake. Baba akasimama, akazunguka, akajiweka yeye upande wa kushoto wa mbwa, ule usio na jicho, zinakopita bodaboda. Na jicho la kushoto la Baba, unajua, bado halijapasuliwa. Wakaenda hivyo hadi kanisani, wote wawili na jicho la kulia tu, Baba akigeuza shingo kila hatua kumwangalizia mwenzake. Nililia barabarani bila aibu.

La kushoto amekubali lipasuliwe Agosti. Njoo, Anselmo. Usije kwa ajili ya sherehe wala mazishi, njoo tu ukae naye. Ukifika usimuulize habari ya ile chupa. Ukipiga simu pia usiiguse, utamwumiza, na spika inasikika hadi kwa Suzana. Hili libaki kati yangu na wewe.

Nisalimie Oliva na kifua chake, na watoto wote, na mzee Gaspari mliyepanga kwake. Wa huku wanakusalimu: shangazi Kunegunda, Isidori, na Suzana anayetaka dagaa wa Kigoma kama kodi ya rafu yake. Mungu awalinde, na Mama yetu aliyetangulia awaombee mlale na kuamka salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Devota

N.B. Nimeshikwa. Baba amenikuta naandika, akauliza namwandikia nani, na kwa nini nimefunika karatasi kwa mkono. Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Basi mwambie dawa ile niliitia mimi. Mbwa ni wake, ana haki ya kujua." Nikamwambia nimeshaandika. Akasema, "Na la jicho la pili umeandika? Mwambie na hilo lililopona nimelitia dawa mimi." Kisha akaniomba kalamu. Hajaandika jina lake tangu macho yalipofungika, miaka minne sasa, alikuwa anaweka dole gumba. Hayo maandishi makubwa yanayopanda mlima hapo chini ni yake.

OTTO