Vibonye vyenye Plasta

Jabe, Bujumbura, 12 Mei 2003

Mdogo wangu Massoudi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, ni goti tu linalomkumbusha miaka yake. Mimi mzima, mdomo na mikono. Wewe je, Dar es Salaam imekunenepesha au bado unakula mkate mkavu mbele ya kompyuta za watu?

Ile kompyuta uliyotuachia imegoma. Umeme ulikatika na kurudi mara nne asubuhi moja, na tangu hapo Windows haifunguki. Ingekuwa ni kadi za harusi ninazowaandikia watu, nisingehangaika. Lakini barua ya Baba imo humo. Nilikuambia kwenye simu siku ya msiba: mwezi wake wa mwisho aliketi hapo siku nane, kidole kimoja, akakuchapia barua, akaipa jina massoudi.doc. "Hii iko ya Massoudi, we apana soma," alinikanya. Sikuisoma, na haina nakala.

Nataka kuweka Windows upya bila kuipoteza. Nieleze hatua kwa hatua. Mimi ni mtoto wa fundi, nitaweza.

Dada yako,
Mwavita

Dar es Salaam, 1 Juni 2003

Dada Mwavita,

Alaykum salaam. Sijambo, kunenepa bado. Mpe Mama pole ya goti.

Nikuambie ukweli, naiogopa barua hiyo. Neno la mwisho la Baba kwangu lilikuwa pale mlangoni: "Umeacha gereji yangu, basi hapa usirudi." Miaka mitano sijarudi, hata kumzika. Kama ameliandika tena, heri nijue.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Washa mashine na disketi ya kuwashia niliyowaachia pamoja na CD ya Windows. Ikitokea herufi A na mshale, weka disketi tupu uandike: copy c:\massoudi.doc a: Barua ikishanakiliwa, rudisha ile ya kwanza uandike setup, na CD itafanya mengine. Mtu akikuambia uandike format, mfukuze. Hiyo inafuta kila kitu.

Mdogo wako,
Massoudi

Jabe, 22 Juni 2003

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Sisi salama, na Mama anauliza kama unaswali.

Mashine yako inanidhihaki. Naandika kama ulivyoandika, inajibu haijui. Nikibonyeza A inaleta Q. Nikibonyeza M inaleta nukta yenye mkia. Nukta mbili sizioni popote.

Sylvère, yule jirani mwenye kazi ya ofisi Ngagara, alikuja kuitazama. "Iko na virus, Mwavita. Futa byote, uanze upya." Nikamwambia apana, nikaenda kumchemshia chai. Narudi, namkuta ameshaandika format na kubonyeza! Kumbe mashine ilimjibu na yeye haijui neno hilo, maana M na A zilikuwa zimemkimbia vilevile. Chai alikunywa, kisha nikamwonyesha mlango.

Injini ikigonga haitupwi. Nijibu upesi.

Dada yako,
Mwavita

Dar es Salaam, 14 Julai 2003

Dada,

Redio inasema mabomu yanaanguka Bujumbura wiki nzima, na simu haishiki. Niambie kwanza mko hai.

Kosa ni langu. Huku vibonye ni vya Kiingereza, huko ni vya Kifaransa, na disketi ya kuwashia inajua Kiingereza tu, hata kibonye kiwe kimeandikwa nini. Nimesahau vibonye vya kwetu, naona aibu. A utaipata kwenye Q, M kwenye mkato, nukta mbili kwenye Shift na M.

Lakini iache, Dada. Ikibidi mtoke, mchukue Mama uiache. Barua haiwazidi ninyi.

Mdogo wako,
Massoudi

Jabe, 9 Agosti 2003

Massoudi,

Tupo. Mama yupo, goti lake lipo. Siku tano tulikaa sakafuni chumba cha nyuma, na Mama akinikataza kutaja kompyuta. Wewe unajua nilikuwa nawaza nini.

Barua yako imefika jana, nami nilishamaliza. Unakumbuka Baba, kabla ya kuchomoa nyaya za plagi, alivyofunga kitambaa chenye alama kwenye kila waya ili urudi mahali pake? Umeme uliporudi nilikata plasta vipande vidogo. Nikabonyeza vibonye kimoja kimoja, na kilichotokea kwenye kioo nikakiandika kwenye plasta. Kabla ya adhuhuri copy ilikubali, kisha setup. Sasa Windows inafunguka na A imerudi kuwa A. Plasta sijazibandua, nazionea fahari.

Disketi hii hapa, anakuletea Khadidja anayefuata vitenge huko. Sijaisoma. Nilitamani, wallahi.

Dada yako,
Mwavita

Dar es Salaam, 30 Agosti 2003

Dada yangu,

Namshukuru Mungu mko wazima, na nakushukuru wewe. Nimeifungua disketi. Siku nane za Baba ni mistari mitatu:

"Massoudi. Neno la mlangoni nilikosa, lifute. Bisibisi ya mpini mwekundu ni yako. Njoo uichukue."

Nimelia mbele ya wateja na sioni haya.

Alhamisi napanda treni ya Kigoma, nije nyumbani. Plasta usizibandue, nataka kuziona. Na siku nikifika, mwambie Mama mlango aufunge. Nataka kuugonga mwenyewe.

Mdogo wako,
Massoudi