Kioo Nilichomwekea Kinyonga wa Mjukuu Wangu

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeshapumua, maana jambo lililoninyima raha kwa siku nyingi limekwisha vizuri, ila limeniachia mkia, na huo mkia ndio ninaoomba unishauri kama niukate au niuache ulivyo. Wasomaji wako wanakuita Shangazi. Kwa umri wangu huenda ningekuzaa, lakini ushauri hauangalii mvi, kwa hiyo na mimi nitakuita Shangazi.

Mimi ni fundi vioo mstaafu. Nimekata vioo vya madirisha na vya makabati ya maduka kwa miaka arobaini na miwili katika mji huu ambamo sikuzaliwa, na tangu mke wangu alipofariki naishi kwa mwanangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani huja kama mgeni, pamoja na mkwe wangu na binti yao wa miaka kumi. Sina la kulalamika. Mkwe wangu ni mtu mwema, ananiita Baba na chai yangu haijawahi kupoa, lakini tangu siku niliyosahau sufuria motoni mpaka ikaungua, mambo ya nyumba hii napewa ya kutazama, si ya kushika, nami nimezoea.

Mjukuu wangu ana kinyonga mchanga, urefu wake ni kama kidole changu cha kati ukiacha mkia, naye amempa jina la Haraka, na ukimwuliza kwa nini, anajibu kwamba jina hilo asipompa yeye hakuna mwingine atakayempa. Likizo hii mkwe wangu alitumwa na kazi yake kwenye mafunzo ya wiki tatu mji mwingine, akaondoka na mtoto, na asubuhi ya safari mtoto akaja chumbani kwangu amebeba kizimba cha wavu chenye matawi ndani, na kopo la nyenje wadogo wa kumlisha, na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa ili nisihangaike na miwani. Akasema, “Babu, nakuachia wewe. Baba atasahau.” Shangazi, sijui kama unajua mtu anavyojisikia akipewa kitu mkononi baada ya miaka mitatu ya kuambiwa, “Acha tu, Baba, nitafanya mimi.”

Basi nikataka kufanya zaidi ya nilichoombwa, na hapo ndipo nilipoharibu. Kile kizimba cha wavu nilikiona ni cha kimaskini mno kwa mnyama wa mjukuu wa fundi vioo, na mabaki ya vioo ninayo chini ya kitanda, kwa hiyo kwa siku mbili nikamjengea nyumba ya kioo pande zote, kingo nimezisugua vizuri asije akajikata, na ukuta wa nyuma nikauweka kioo cha kujitazamia. Hicho sikukiweka kwa urembo. Nilipofika nchi hii nikiwa kijana, chumba changu cha kwanza kilikuwa na kitanda, ndoo na kioo kimoja chenye ufa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusema naye lugha ya kwetu, kila asubuhi nilisimama mbele ya kile kioo nikajisalimia, nikajiuliza habari za nyumbani, nikajijibu, nikaenda kazini nikiwa mtu. Nikadhani kiumbe mdogo aliyetolewa porini na kuletwa mezani kwa watu naye angefurahi kumwona mwenzake.

Jioni nilimsimulia mjukuu kwa simu, akacheka kwa furaha, na kesho yake akaniambia amempa habari rafiki yake wa dawati moja, ambaye ana ndugu wa huyu Haraka, wametoka kwa mama mmoja, na baba wa rafiki amesema naye atamwekea wake kioo hivyo hivyo. Nilijisikia kama zamani watu walipokuwa wakipita dukani kuuliza bei.

Jambo jingine ni hili. Karatasi ya mtoto ilisema ninyunyizie majani maji asubuhi na jioni, lakini kila nikinyunyiza, matone yanaruka kwenye vioo na kukauka yakiacha madoa, na fundi vioo hawezi kukaa chumba kimoja na kioo chenye madoa, kwa hiyo nikaacha kunyunyiza, nikamwekea maji katika kisahani.

Siku ya tano Haraka alikuwa mweusi kama mkaa. Hakuwa akila. Asubuhi alijivimbisha akaachama mdomo mbele ya kile kioo, mchana alijikunja nyuma ya tawi huku amefumba macho, yale macho ambayo kwa kawaida kila moja huenda kwake, na nyenje walimpita puani asiwajali. Jioni simu ikalia. “Babu, amekula?” Nikasema amekula wanne. Kesho yake nikasema watano. Siku ya saba nilisema ulimi wake unapiga kama mjeledi, Shangazi, na wakati nasema hivyo nilikuwa namtazama nikifikiri ameshakufa.

Nilikwenda kwa muuza ndege aliyetuuzia Haraka, nikamweleza, naye hata hakuinuka kwenye kigoda. “Mzee, chukua huyu mwingine, ni saizi ile ile. Kinyonga gani ana sura yake? Mtoto akisema rangi siyo, mwambie kabadilika.” Nilicheka, na nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeanza kupanga nitamficha wapi yule wa kwanza. Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwa daktari wa mifugo siku ya nane, nimebeba nyumba nzima ya kioo nimeifunika kwa shuka.

Daktari ni kijana wa kike, mpole, lakini hana muda wa kupoteza. Alifunua shuka akauliza, “Mzee, hii ni nyumba au duka la sonara?” Halafu akainama. “Na huyu wa nyuma ni nani?”

“Ni yeye mwenyewe, daktari.”

“Yeye anajua?”

Akanieleza kwamba kinyonga hupenda kukaa peke yake, kwamba kwa Haraka yule wa kwenye kioo ni adui aliyesimama mlangoni kwake kutwa nzima, haondoki, na kila akitishwa naye anatisha. “Wewe ungekula?” akaniuliza. Kisahani nacho alisema ni kazi bure, kinyonga hanywi maji yaliyotuama, hulamba matone kwenye majani, kwa hiyo kwa wiki nzima nilikuwa namtia kiu huku namtia hofu. Na nyumba ya kioo haipitishi hewa. Akaniuliza kama mtoto hakuniachia maelekezo. Nikaitoa ile karatasi mfukoni. Akaisoma, akanirudishia, akasema, “Fuata hii.”

Nilimrudisha kwenye wavu wake nikamnyunyizia majani, na mchana ule ule alitoa ulimi akawa analamba tone baada ya tone, nami nikakaa kitandani nikimhesabia kama mganga anayehesabu mapigo. Siku ya tatu yake alikuwa kijani tena, na nyenje wa kwanza alitoweka kabla sijauona ulimi. Leo amekula sita, na sita hao ni wa kweli.

Sasa, Shangazi, watarudi baada ya siku tisa. Mnyama ni mzima, nyumba ya kioo nimeibomoa, daktari hamjui mkwe wangu. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele. Je, kuna haja gani ya kumwambia mtoto kwamba babu yake alikaribia kumuulia kinyonga na kwa siku kadhaa alimdanganya, wakati hakuna aliyeumia, na wakati yeye ndiye mtu pekee nyumbani aliyeniamini akanikabidhi kitu?

Ni mimi,
Babu wa Vioo

*

Babu,

Shikamoo. Gazeti hili hutoka Jumamosi na barua yako ilinifikia Jumatatu, nami sikuweza kuingoja Jumamosi. Namba uliiandika chini ya jina lako, nikakupigia saa nne asubuhi, na yafuatayo nayaandika kwa ruhusa yako ili wengine wasome.

Ulipopokea ulisema, “Shangazi mwenyewe! Sikutegemea heshima hii.” Ulidhani nimepiga kukupongeza. Nikakuambia tuanze na ukurasa wa pili wa barua yako. Ukasema huna nakala. Basi nikakusomea mwenyewe, polepole, pale mjukuu alipompa habari rafiki yake wa dawati moja, na baba wa rafiki akasema naye atamwekea kinyonga wake kioo. Nikasikia kiti kikivutwa, ukakaa.

Umekata vioo miaka arobaini na miwili, mzee wangu, na hilo la kinyonga wa pili halikukatiza mbele ya macho yako. Ulikuwa na shughuli ya kujisikia vizuri. Sikulaumu kwa kujisikia vizuri, tulio wengi hatupati nafasi nyingi za aina hiyo, lakini tazama uongo mdogo ulivyotembea. Wewe ulifikiri unamficha mtoto mmoja jambo moja lililokwisha, kumbe ulimwacha na maarifa mabaya mkononi, naye kwa moyo mweupe akayagawa. Methali yako umeikata katikati. Wahenga wanaendelea, tugange yajayo, na yajayo yalikuwa kwenye nyumba ya watu, yanasubiri gundi.

Nikakuambia ukate simu yangu na upige ya mtoto. Ukauliza kama unaweza kungoja jioni, wakati wenu wa kawaida. Nikasema hapana. Ukauliza kama unaweza kumwambia habari ya kioo tu, ukaacha habari ya uongo. Hapo nilitaka kukucheka, lakini nilikumbuka wewe ni mzee, nikasema hapana mara ya pili.

Baada ya nusu saa ulinipigia wewe, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetua gunia. Mjukuu alikuwa ameshampigia rafiki yake na kukuletea majibu: baba wa rafiki alikuwa ameshanunua kioo, lakini kilikuwa kikubwa kuliko kizimba na hakuwa na kifaa cha kukikatia, kwa hiyo alikuwa anasubiri kukuletea wewe, babu fundi, umkatie. Yaani aliyemwokoa yule kinyonga wa pili ni baba mmoja kukosa kifaa na sifa yako nzuri mtaani. Mshukuru Mungu, na usiitegemee bahati hiyo tena.

Kuhusu mjukuu, ulisema ulimwambia yote, kioo, kisahani, wanne, watano, mjeledi. Akasema, “Babu, ngoja nichukue kalamu,” na akakufanya umrudie maneno yote ya daktari tangu mwanzo, sentensi moja moja, na ulipokwenda kasi akakwambia, “Taratibu, naandika.” Mwishoni akauliza kama ile chupa unayonyunyizia ni mpya au ni ile uliyokuwa ukiwekea dawa ya kusafishia vioo. Ni mpya, ukamwambia. Akasema, “Haya. Basi nitampigia rafiki yangu.”

Umeniuliza kama nadhani amekasirika. Huenda kidogo. Ana haki. Lakini mtoto aliyekasirika akaamua kukuacha hakuombi urudie maelekezo. Huyo bado anakuhesabu kazini.

Sasa nisikilize, maana hatujamaliza.

Kama bado hujamwambia mkwe wako, mwambie leo hii, kabla hajasikia kwa mtoto. Usimwambie kwa kuzunguka. Sema, “Mwanangu, nilikosea, nikaficha, sasa nimesema.” Na ukiwa hapo hapo, mwambie pia kwamba unataka kazi ya nyumba iwe yako, moja, inayojulikana. Yeye anakuondolea kila kitu akidhani anakupumzisha, na wewe umenyamaza miaka mitatu ukidhani unaheshimu. Mko wawili mnaofanyiana wema usiotakiwa. Sufuria moja iliyoungua si hukumu ya maisha.

Karatasi ya mtoto ibandike ukutani juu ya kizimba, uifuate kama ilivyoandikwa. Ukiwa na wazo zuri la kuiboresha, mpigie daktari kwanza. Mnyama asikae juani moja kwa moja bila kivuli cha kukimbilia, na usimtoe toe nje kumshika ili uone kama yu mzima. Mtazame tu. Wewe umesema kutazama umeshazoea.

Na lile nililoliona nyuma ya barua yako nzima nitalisema mara moja, kisha nitaliacha. Kile kioo chenye ufa kilikufaa ulipokuwa kijana kwa sababu ulijua aliyemo ni wewe. Sasa umezeeka, na nyumbani kwako kuna msichana wa miaka kumi mwenye kalamu na subira ya kukuambia taratibu. Lugha ya kwenu anaijua maneno mangapi? Uliniambia kwenye simu, matatu. Mfundishe la nne akirudi. Kinyonga hakuhitaji mwenzake, Babu. Aliyehitaji ni mwingine.

Yule muuza ndege usimrudie, hata kwa nyenje. Tafuta mwingine.

Siku watakaporudi, usimpokee mtoto mlangoni na hotuba ya kuomba radhi, umeshaomba. Mpe kizimba mkononi, ukae pembeni, umwache amkague mnyama wake kadiri anavyotaka, na akiuliza swali mjibu lile aliloliuliza. Atakuachia tena, likizo ijayo au kabla ya hapo, maana watoto huwarudia wanaowaambia mambo kama yalivyo. Wewe pokea. Na mpaka warudi, jioni simu ikilia, mwambie lililopo, hata kama lililopo ni kwamba leo hajala.