Kichwa Kizima kwa Watu Wawili

Jumapili, 3 Januari 1993

Kalenda mpya nimeipigilia juu ya jiko. Tarishi kaniletea yenye picha ya paka wawili ndani ya kapu. Nilitaka ya mbwa. Akasema za mbwa zimekwisha, Mzee Firmin, wewe ndiye wa mwisho njiani. Sawa. Paka nao wana haki zao.

Tarehe 21 nimeizungushia wino. Alhamisi. Miaka mia mbili kamili tangu wamkate mfalme kichwa kule Paris! Babu yangu alikula kichwa cha ndama kila siku hiyo kumcheka mfalme, baba naye, na mimi tangu nilipoota ndevu. Ule mwaka wa njaa ya vita tulikula kichwa cha sungura, tukajifanya hatuoni tofauti. Mwaka wa mia mbili siuachi upite kwa supu ya vitunguu.

Mezani, katika chama chetu cha wala kichwa, tulikuwa kumi na wawili. Halafu wanane. Mwaka jana watatu: mimi, Marcellin fundi bomba, na Aristide Coudert. Marcellin tumemzika Agosti. Aristide yu hai. Yuko ng'ambo ya uwanja tu, moshi wa dohani yake nauona hapa ninapoandika — na hajanisemesha tangu Januari iliyopita.

Mchana nimekula soseji baridi, nimesimama.

Jumanne, 5 Januari

Nimekwenda bucha kuagiza. Solange alikuwa anafunga nyama ya kuoka kwa uzi, vidole vinakwenda kama vya mshona nguo.

— Kichwa cha ndama, mwanangu. Kizima. Cha tarehe ishirini na moja.

— Kizima? Kizima ni cha watu wanane, mzee.

— Nina njaa.

— Nitakukatia nusu, nikutolee mifupa, nikuviringishie vizuri.

Nikamwambia mfalme hakukatwa nusu. Wateja wawili wakacheka, wa tatu akajifanya hakusikia kwa sababu shangazi yake ni mtawa. Solange akauliza, na utakula na nani? Nikamwambia wewe uza nyama. Akaandika kwenye karatasi: Firmin, kizima, na ulimi, na ubongo. Halafu akanitazama kwa muda kuliko inavyohitajika kuandika vitu vitatu.

Ijumaa, 8 Januari

Mvua. Goti.

Niandike ilivyokuwa, maana nikiiacha kichwani inageuka kila siku na kunipendelea zaidi.

Mimi ndiye katibu wa chama. Kabla ya kukata nyama nasoma majina yote kwenye daftari kubwa, wazima na wafu. Mzima anaitika. Likifika jina la mfu, sisi wengine tunasema kwa pamoja, "Kimeanguka!", yaani kichwa, na tunakunywa. Marehemu ni wengi, kwa hiyo nyama inakatwa na watu waliochangamka.

Mwaka jana Aristide alichelewa. Aristide hajachelewa chakula tangu azaliwe. Nikasoma, "Coudert, Aristide." Kimya. Na mlango ukafunguka, yeye huyo, kofia inachuruzika maji. Nami nikamtazama usoni nikasema, "Kimeanguka!" nikanywa. Marcellin alicheka hadi mvinyo ukamtokea puani.

Aristide alikuwa anatoka hospitali. Asubuhi ile daktari alikuwa amemwambia kwamba mkewe, Fernande, hatarudi nyumbani.

Alikuwa amebeba mkate, akauweka mezani, akatoka. Siku ya tatu mkewe akafa.

Mimi nilijuaje? Sikujua. Lakini mdomo ni wangu.

Jumapili, 10 Januari

Jumapili ndizo ndefu.

Miaka thelathini na moja Fernande alinipikia Jumapili. Sikuoa, naye alisema kapera akiachiwa jiko atakufa kwa jibini. Supu yake ya nyama ilianza tangu alfajiri: mbavu, mguu wa ng'ombe, mfupa wenye uboho, karoti, liki. Uboho alinipakia kwenye mkate, chumvi ya mawe juu, Aristide akinung'unika kwamba mwenye nyumba ni yeye. Fernande akamjibu: "Wewe una mimi. Mwache mwenzio apate mfupa."

Leo nimejaribu kuipika. Maji yalichemka kwa nguvu, nyama ikawa kamba. Nimekula karoti.

Jumatano, 13 Januari

Nimefanya ujinga, na nilifurahi sana kuufanya.

Akina Delbos wa kule juu wamechinja nguruwe jana, wakanigawia soseji ya damu, kipande cha mbavu na sikio moja. Saa mbili asubuhi nimelifunga sikio kwa uzi kwenye kitasa cha mlango wa Aristide, na kikaratasi: ALHAMISI IJAYO SAA SABA MCHANA. UKO TAYARI KUSIKIA? Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Umri wangu miaka sabini na minane.

Katoka. Kasoma. Kakunja karatasi, katia mfukoni — mfukoni, hakuitupa! Halafu akamfungulia mbwa, akamwambia kwa sauti ya kufika kwenye tangi: "Kula, Bijou. Huyo anayegawa masikio, ya kwake hayafanyi kazi."

Maneno ya kwanza kutoka kwake kwa mwaka mzima. Aliambiwa mbwa, lakini yalikuwa yangu.

Jumamosi, 16 Januari

Solange amefunga bucha mapema akaja hapa na bakuli la nyama ya ng'ombe iliyolala ndani ya mvinyo mwekundu. Anasema amepika nyingi kwa bahati mbaya. Hapiki kwa bahati mbaya yule, anapima hata majani.

Tumekula. Nikamwambia habari ya sikio. Hakucheka. Akaniuliza mimi nadhani Aristide amekasirikia nini.

— Ile "Kimeanguka".

— Mzee Firmin. Ile alishaisamehe kabla hajafika kwake. Alimwambia Fernande kitandani kule hospitali, na Fernande alicheka. Fernande alisema, "Nimekuwa wa kwanza kusikia utani wa mwaka huu."

Nikaacha kutafuna.

— Basi nini?

— Mazishi.

Nilisema, mazishi nilikwenda! Saa nzima nilisimama mvua ikinyesha, chini ya upenu wa posta, mbele ya mlango wa kanisa, kofia mkononi. Kila mtu aliniona. Jeneza lilipotoka niliinamisha kichwa.

— Hukuingia, akasema.

Mimi kanisani siingii. Hilo analijua kila kuku wa hapa. Baba yangu alizikwa bila padri, babu alizikwa bila padri, na siku ya kujiunga na chama niliapa juu ya sahani kwamba mlango ule sitaupita, si kwa harusi wala kwa jeneza. Aristide pia aliapa. Aliingia kwa sababu Fernande alikuwa wake.

Solange akasema mle ndani Aristide aliweka kofia yake kwenye kiti cha kando. Mpwa wake alipotaka kukaa akamkataza: hapo ni pa Firmin. Padri alingoja dakika tano. Aristide alimwomba angoje.

Nami nilikuwa hatua ishirini, nalinda kiapo.

Nyama ilikuwa nzuri, nadhani.

Jumapili, 17 Januari

Hakuna.

Jumatatu, 18 Januari

Karatasi kwenye mlango wa duka la mikate: misa ya mwaka mmoja ya Fernande Coudert. Alhamisi tarehe 21, saa tano asubuhi.

Nimeisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya.

Padri ana parokia tisa na gari moja linalovuta moshi. Kwetu zamu yake ni Alhamisi, basi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini tarehe ishirini na moja! Siku hiyo ndiyo wapenzi wa mfalme huwasha mishumaa makanisani na kumlilia. Yule notari mstaafu, mwandika hati za watu, mwenye pete ya mhuri, huja na tai nyeusi tangu nilipokuwa kijana. Nikionekana ndani mwaka wa mia mbili, pembeni yake, watu watasema Firmin Chastang amekwenda kumwombea mfalme msamaha. Babu atageuka huko aliko, na kaburi lake ni finyu.

Solange kanipigia simu. Umeiona karatasi? Nimeiona. Halafu? Nikamwambia maji yanachemka jikoni. Hapakuwa na maji jikoni.

Jumatano, 20 Januari

Kichwa kimefika. Solange kanikabidhi ndani ya kitambaa cheupe kama mtoto wa kubatizwa, na ninajua alifanya makusudi. Macho yamefumbwa. Kope ndefu, nyeupe. Ndama ana sura ya mtu aliyekubali jambo.

Nimechoma vinyweleo kwa moto, nimekwangua kwa wembe wa babu — masikio kwa ndani, puani, chini ya kidevu. Mwenyewe sijanyoa tangu Jumapili. Nimemtumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, nabadilisha maji kila yakiwa mekundu. Kitunguu nimekichomeka karafuu nne. Unga na limau viko tayari kwa kuchanganya na maji ya kuchemshia, nyama isije ikawa ya kijivu. Mayai ya mchuzi nitayachemsha kesho, niyaponde na haradali, mafuta, siki na matango madogo ya chupa. Aristide ananilaumu kila mwaka kwamba natia siki nyingi. Natia nyingi makusudi.

Hesabu ya saa ni rahisi, ndiyo inayonitesa. Kichwa kinataka saa tatu juu ya moto mdogo. Kikiingia saa nne kasorobo, saa saba kiko mezani. Mtu haachi chungu. Kina povu la kuenguliwa, unga unashika chini, ukienda zako unarudi unakuta gundi. Kila mpishi atakwambia huwezi kuondoka saa tano. Nina udhuru mzuri kabisa.

Mwaka jana pia nilikuwa nao.

Nimeweka sahani mbili. Nimeondoa moja. Nimeirudisha.

Alhamisi, 21 Januari

Saa mbili. Barafu kwenye kioo. Miaka mia mbili leo, na hakuna mtu wa kumwambia ila ndama.

Saa nne kasorobo. Kimeingia. Maji yanatikisika kidogo tu, ndivyo inavyotakiwa. Ulimi umetoka nje, unanidhihaki. Nimenyoa. Nimejikata shavuni — siku ya leo hilo ni jambo la kuchekwa, na wa kucheka hayupo.

Saa nne na nusu. Solange amegonga, amevaa koti jeusi. Nikamwambia siwezi kuacha chungu. Akavua koti, akavaa aproni yangu, akashika mwiko.

— Fernande atanisamehe, mzee. Mimi nimeshaingia mara nyingi. Nenda.

Nikasema na notari je? Akasema mwambie umekuja kuhakikisha kuwa mfalme bado amekufa.

Saa tano na robo. Naandika kwa penseli. Niko ndani.

Mlango ni mzito kuliko unavyoonekana ukiwa posta. Nimekaa benchi la mwisho kabisa, karibu na ubaridi. Daftari nimelishika kama kitabu cha sala, asiyenijua atanidhania mtu wa Mungu. Notari kageuka akaniona, mdomo umembaki wazi, nikamkonyeza. Watu kumi na wanne, nimewahesabu. Aristide yuko benchi la mbele. Shingo yake imekonda. Sikujua. Mtu ukimkasirikia unamwona moshi wake tu.

Sijui wanasimama lini. Natazama mgongo wake: akisimama nasimama, akikaa nakaa. Wakati mmoja akapiga goti, nami nikapiga, goti likalia hadi mwanamke wa mbele akatazama juu kama paa linaanguka.

Padri amesoma jina lake. Fernande Coudert. Amelisoma vibaya kidogo, ni mgeni wa huku. Hakuna aliyeitika chochote. Nimeuma ulimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, ukakubali kuumwa.

Sasa wanakwenda mbele mmoja mmoja kupokea komunyo. Siendi, kuna mipaka. Aristide amepokea. Amegeuka. Harudi kwenye benchi lake, anakuja huku nyuma, polepole, mkono juu ya mbao za mabenchi. Ameniona. Aliniona zamani, nadhani.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipanga la mzaha na la kweli, na yote mawili yamenitoka.

Amesimama kando yangu. Naandika ili nisiinue macho. Viatu vyake ni vile vya mazishi, kimoja hakikufungwa kamba vizuri, na haviondoki. Naweka penseli chini.