Miwa ya Mwaitu na Paini Yako

Bondeni kwa Mwaitu,
Karibu na Soko la Kikima,
Mbooni, Makueni.
18 Novemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Nyamai,

Pokea salamu kwanza, hasira itafuata. Hujambo wewe? Wifi Naila hajambo, na mwanenu Bilal je? Ule mgongo wako unaokusumbua wakati wa baridi umepata nafuu? Sisi huku tuko salama, Mungu anatuweka. Mvua ilianza mwisho wa Oktoba na imenyesha vizuri, maharagwe yametoa maua. Goti langu ni lile lile, nikishuka mteremko linalia, nikipanda linanyamaza.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kikamba cha Naila ni cha sokoni Kitui, na sitaki umsomee barua hii huku ukiruka mistari. Wifi, soma mwenyewe.

Sasa Nyamai, wewe ni mtu wa namna gani?

Mwezi wa sita ulituma kifurushi cha mbegu kwa binamu yetu Kimeu. Si kwangu, kwa Kimeu! Ukamwandikia kwamba miwa ya bondeni ni zao la walevi, ing'olewe yote, pale papandwe paini ya sukari kutoka milima ya huko California. Mimi ninayelala hatua hamsini kutoka kwa hiyo miwa sikuambiwa neno. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, nilitoka kwa maombi ya akina mama nikakuta Kimeu na wanaume wawili wamekwisha kung'oa mistari miwili. Nilishuka mtaroni na gauni langu la kanisa, nikakaa juu ya mashina, nikamwambia achimbe anizunguke. Akasema yeye ametumwa tu. Akaweka jembe begani akaenda zake, na wale wawili nyuma yake.

Barua yako aliniachia. Nimeisoma mara nne. Unasema mti huo unapita nyumba ya ghorofa kwa urefu, unaweza kuishi miaka mia tano, mbao zake laini zinatengeneza milango na madirisha, na matunda yake ni marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Haya, ni mti mzuri, sikatai. Lakini umeandika pia kwamba matunda hayo huchukua miaka hamsini kuanza kuonekana. Nyamai, mimi nina miaka hamsini na tisa. Nitayatafuna kwa meno gani?

Na hiyo sukari yenyewe! Eti mti ukijeruhiwa unatoa utomvu mtamu, ila ukila mwingi tumbo linaendesha. Yaani ning'oe muwa nipande dawa ya kuharisha?

Ngoja nikukumbushe muwa, maana naona umesahau. Muwa hautaki friji kama mbegu zako. Nakata kipande chenye macho matatu, nakilaza mtaroni, natia mbolea ya ng'ombe, nafukia. Kazi yake naijua kwa mgongo wangu: kupalilia, kuvua majani makavu, kutega fuko, kuziba ua ili nungu asipite. Baada ya mwaka na nusu nakata, na shina linachipuka tena lenyewe, mara nne, mara tano kabla halijachoka. Vilele wanakula ng'ombe. Majani makavu natandaza kwa maharagwe, unyevu usitoroke. Makapi yakikauka yanawasha jiko. Miwa yenyewe inaenda Kikima siku ya soko. Ni kweli wazee hununua michache ya kutengenezea pombe ya sherehe za mahari, sikufichi, lakini wewe ulisoma shule ya bweni kwa miwa hii hii, na hukulewa.

Hata hivyo si miwa inayoniuma zaidi. Unajua vizuri kwamba kwetu mtu akipanda mti wa kudumu mahali, amesema pale ni pake. Ndiyo maana aliyekodishiwa shamba hakubaliwi kupanda hata mwembe. Miaka ishirini na mbili iliyopita, niliporudi nyumbani na Kasiva mgongoni baada ya ndoa yangu kuvunjika, mwaitu, mama yetu, alinionyesha bonde hili mbele ya Baba Mdogo Kiema. Akaniambia, "Hapa ni pako. Lakini panda vitu vya kukatwa, usipande mti, ndugu yako asije akaona umemnyang'anya."

Nikatii. Miaka ishirini na mbili sijapanda hata mparachichi wa kunipa kivuli. Nimepalilia juani kwa heshima yako. Halafu wewe unatuma miti kwa mlango wa nyuma, ipandwe na mkono wa Kimeu kwa jina lako! Wanawake mtoni waliniuliza nahamia wapi. Nililia, Nyamai.

Labda umesahau desturi. Naomba Mungu iwe umesahau.

Sasa sikia habari za mbegu zako. Kimeu alifuata maagizo yote: mchanga wenye unyevu, miezi mitatu kwenye friji. Friji ni ya Mutisya wa dukani, kwa hiyo paini yako imekaa kati ya soda kama mgeni wa heshima. Mbegu zilikuwa arobaini. Zikaota tatu, mbili zikanyauka. Nilimwendea Kimeu nikamwomba mche uliobaki, akanipa na mkebe wake.

Jumamosi nilimwita Baba Mdogo ateremke bondeni. Kimeu alikuja, na wale wanawake wa mtoni nikawaita pia. Katikati ya pengo la mistari miwili iliyong'olewa nilichimba shimo, nikatia mbolea, nikapanda paini yako kwa mikono yangu. Pande zote mbili nimerudishia miwa, ije iupe mche kivuli. Baba Mdogo aliegemea fimbo mpaka nikamaliza kumwagilia. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimeona aliyepanda."

Kimeu alivua kofia.

Kasiva anawasalimu kutoka Kitui, anafundisha darasa la tatu sasa. Baba Mdogo anakusalimu pia, na anasema ana maneno yako akiba. Mwambie Bilal shangazi yake amemwekea muwa mwekundu, ule laini. Wifi, wewe karibu wakati wowote. Mungu awafunike nyote katika hiyo baridi.

Na asante kwa mti, Nyamai. Umesema mwenyewe unaishi miaka mia tano.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako Wavinya,
mwenye bonde.