Kurasa Tisa za Baba

Mdogo wangu,

"Neno la herufi tatu halistahili kurasa tisa." Ndivyo ulivyoniandikia, ukaongeza kwamba anayefungua kamusi anataka jibu, hataki hadithi. Nitakujibu, ila salamu kwanza. Mimi mzima. Baba mzima pia, isipokuwa macho, ambayo sasa hayaoni hata mwanga wa dirishani. Wifi yangu na watoto natumaini hawajambo. Wewe sikuulizi, mtu mwenye nguvu za kufyeka kurasa tisa kwa kalamu moja hana homa.

Katika kamusi ya Baba, chini ya neno la Kiingereza "run", umebakiza mstari mmoja tu: kukimbia. Haya, mwambie muuguzi kwamba pua ya mtoto inakimbia. Mwambie dobi kwamba shati jekundu limekimbia kwenye mashuka meupe. Nawe ukigombea uongozi wa chama cha wachapaji tutasema umekimbia, na kwa mara ya kwanza tutakuwa tumekusema kweli.

Baba hakuzitunga maana hizo. Amezikusanya miaka ishirini na sita, kadi kwa kadi, akienda kuwauliza watu kazini mwao wao husemaje. Dobi alimuuliza iweje mwalimu mzima aulize habari za nguo kuchuja rangi, kwani kwake hawafui? Baba akacheka, akaandika. Leo jasho hilo unaliita takataka, na jina lake umeliacha juu ya jalada!

Sasa nikiri langu. Nakala yako ya majaribio ilipofika, Baba alitaka nimsomee neno hilo. Nilishika karatasi zako, lakini nilichosoma ni kadi zake, moja baada ya nyingine, kana kwamba zote zimechapwa. Akanisahihisha mara mbili. Kisha akasema mwanawe ameiheshimu kazi yake. Ndiyo, wewe. Nimemdanganya mzee kipofu ili usiporomoke moyoni mwake.

Ila siku ya uzinduzi amewaalika wanafunzi wake wa zamani, na ameshamchagua mmoja asome neno hilohilo kwa sauti mbele ya watu.

Basi wewe na wasahihishaji wako wawili, rudisheni kurasa zote kabla mtambo haujawashwa Jumatatu. Mkikataa, njoo Jumapili, ukae kwenye kiti ninachokalia, umsomee Baba mstari wako kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nitatoka nje.

Wifi msalimie sana.

Dada yako, aliyeishiwa subira